Shingo Niachie Mimi

Kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye kiegemeo cha kiti, macho yangu yameelekea dari, na Kimya, kinyozi aliyekuwa akinifundisha kazi, alikuwa amesimama nyuma yangu na wembe mkononi. Povu lilikuwa limeanza kukauka mashavuni na kuniwasha. Dari ile sikuwahi kuitazama kwa makini, ingawa duka lilikuwa letu, mimi na mume wangu, kwa miaka mingi. Ilikuwa na doa la maji ya mvua, rangi ya chai, lenye umbo la kiatu. Nikajiambia: kama huyu mtu ana nia mbaya, basi kitu cha mwisho nitakachokiona duniani ni kiatu.

"Usimeze mate," alisema.

Mtu akikuambia usimeze mate, mate yanajaa kinywani kana kwamba yameitwa kwa jina. Nikameza.

Aligeuza wembe, akautumia mgongo wake, upande usio na makali. Aliuteremsha kutoka sikioni hadi kwenye taya, polepole, kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Alitaka nijue, kabla sijamgusa mtu yeyote, mteja anahisi nini akiwa amelala pale: ubaridi wa chuma, joto la vidole, pumzi ya mtu mwingine juu ya paji la uso. Akafika chini ya taya. Nilihisi chuma kikisimama pale pale ambapo shavu linaisha na shingo inaanza, kama mgeni aliyefika mlangoni akakumbuka kwamba hakualikwa. Kisha kikaondoka.

"Tayari," alisema.

"Na shingo?"

"Shingo niachie mimi."

Nikakaa wima, nikajifuta povu, nikamtazama kwenye kioo. Naye alikuwa akinitazama kwenye kioo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakwepesha macho, na tangu hapo sikuwa na shaka tena kwamba kuna jambo. Lipo. Shemeji yangu huyu ananificha kitu.

Nilimwita shemeji ingawa hakuchangia damu na mume wangu. Walikuwa wamefanya kazi kiti kwa kiti tangu ujana wao, na mtu uliyechangia naye sabuni na taulo muda wote huo ni ndugu, upende usipende. Jina la Kimya alipewa na wateja. Kinyozi asiyeongea ni kama mpishi asiyeonja, lakini wao walimvumilia kwa kuwa mume wangu aliongea kwa niaba ya wote wawili. Aliongea akipaka povu, aliongea akinoa wembe, aliongea habari za mpira, za mabomba yasiyotoa maji, za ndoa za watu wasiokuwepo. Na mkono wake, watu walisema, ulikuwa mwepesi kuliko huo mdomo. Juu ya mlango tuliweka kibao: MKONO MWEPESI. Watu waliwapita vinyozi wenye mashine za umeme, tena wa karibu na kwao, wakaja kulala kwenye kiti chake wanyolewe kwa wembe wa kukunja. Zaidi ya yote walifuata shingo. "Ukishanyolewa shingo na yule bwana," walikuwa wakisema, "unajipapasa usijue kama umewahi kuota ndevu."

Mimi kazi yangu ilikuwa nyuma ya pazia. Jiko la mkaa, sufuria ya maji, beseni la taulo. Mume wangu alikuwa na sheria mbili tu. Wateja wanaosubiri wakae nje kibarazani, kwa sababu duka si kituo cha mabasi. Na mimi nisivuke pazia wakati wembe uko kazini, kwa sababu mtu akishtuka, wembe haujui kuomba radhi. Nilizipokea kama sheria za fundi anayeiheshimu kazi yake. Tena nilijivuna nazo.

Kisha akafariki. Asubuhi moja aliketi kitandani afunge kamba za viatu, na hakuinuka. Moyo, daktari alisema. Siku zilizofuata sitazieleza. Aliyefiwa anazijua, na asiyefiwa hazitamwingia.

Msiba ulipokwisha, wifi yangu, dada yake mkubwa, alibaki nyumbani kwangu akinisaidia kukunja nguo za marehemu. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Duka utamwachia nani?" aliuliza.

"Nitajifunza wembe."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa kutoka ndani ya kabati. "Wifi, wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawakusema mjane."

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Mwenye nyumba alikuwa ameniambia chumba kitakuwa changu mradi mlango uwe wazi na kazi iendelee. Kimya peke yake asingeweza kuhudumia viti viwili. Na mimi kuchemsha maji nimechemsha vya kutosha. Nikamwendea Kimya, nikamwomba anifundishe. Aliendelea kufuta kiti mpaka nikadhani hajasikia.

"Sawa, shemeji," alisema mwishowe. "Tuanze na mkanda."

Mkanda ulikuwa wa ngozi, mpana, umening'inia kwenye ndoana ukutani, na wembe hupitishwa juu yake kwenda na kurudi kabla ya kila uso. Siri yake ni kwamba wembe unageuzwa kwa mgongo. Ukiugeuza kwa makali, umeuchana mkanda na umeuua wembe. Nikauchana mkanda. Nikajikata kidole gumba, na Kimya akanibandika jiwe la shabu, lile la kuzuia damu, nikaruka kama niliyeguswa na kaa la moto. Alinifundisha kunyoa povu juu ya chupa ya soda bila chupa kulia. Akanipa mashavu yake mwenyewe. Wembe ukiulaza mno, unateleza tu; ukiusimamisha mno, unachimba; katikati kuna mahali padogo sana ambapo unatoa sauti kama ya mtu anayechana karatasi laini chumba cha pili. Nilipoisikia sauti ile kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kimya, povu usoni, alinyanyua kidole kuonyesha kwamba naye ameisikia.

Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo ndilo lililonitia shaka. Mwalimu mbaya akikwama, humshangai. Lakini huyu alinichukua hatua kwa hatua mpaka kwenye taya, na hapo, kila mara, mkono wake ulikuja juu, ukanishika kifundo taratibu, ukautoa wembe vidoleni mwangu.

"Shingo niachie mimi."

Tulipoanza kupokea wateja, mimi nilinyoa mashavu na midomo ya juu, yeye akamaliza shingo. Wengi walistahimili mikono ya mwanamke kwa heshima ya marehemu. Mmoja, mwashi, aliniambia, "Mama, mke wangu ananitishia kunichinja kila siku, wewe angalau una taaluma." Lakini ilipofika zamu ya shingo, Kimya alikuwa na neno lake.

"Shemeji, angalia maji."

Nami nikaenda. Maji yalikuwa yanachemka vizuri tu, hayakuhitaji mlinzi. Siku moja nilisogeza pazia kidogo nikachungulia. Sikuona kitu ila mgongo wake, mpana, umesimama baina yangu na kiti kama mlango wa stoo.

Kisha likaja suala la wembe wa mume wangu, ule aliosema ni wa shingo tu. Nilikwenda kuutoa mwenyewe kwenye droo yake. Niliujua: mpini wa pembe, kahawia, wenye ufa mdogo karibu na ribiti, ule msumari unaoushika wembe. Niliutaka uwe wangu. Nikaujaribu kwenye nywele za mkono wangu kama nilivyofundishwa, na hakuna unywele ulioanguka. Kimya aliuchukua, akaugusisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akaukunja.

"Wembe butu ndio unaokata mtu," alisema. "Usiutumie."

Butu! Wembe wa mtu aliyesifiwa mji mzima, butu kama kijiko.

Nilipomsimulia wifi, aliweka chini kikombe chake. "Ameuharibu makusudi," alisema. "Hebu fikiri. Anakufundisha nusu. Siku moja atakuachia shingo ya mtu bila kukupa siri yake, utakata, watu watasema mwanamke na wembe wapi na wapi, na duka litabaki kwa nani? Kikulacho ki nguoni mwako, wifi. Huyo hajafika hata robo ya mkono wa kaka yangu, na anajua."

Shaka ikishapewa kiti haikai bure. Inaanza kupanga samani. Kimya alifika dukani kabla yangu: kwa nini? Aliondoka baada yangu: anafanya nini humo? Wateja walimpigapiga begani wakimwambia, "Fundi, umeuiga mkono wa marehemu! Kabisa kabisa!" na yeye alifuta wembe bila kujibu, mshipa mmoja ukimcheza shavuni: kwa nini asifurahi, mtu anaposifiwa? Hata chai. Aliponimiminia chai, niliisubiri ipoe mpaka anywe yake kwanza. Kisha nikaona haya. Kesho yake nikasubiri tena.

Siku Kimya alipokwenda kung'olewa jino, aliniachia maagizo akiwa ameshikilia taya. Mashavu tu. Wa shingo warudi kesho.

Nilikuwa peke yangu alipoingia Karani. Tulimwita hivyo kwa sababu alistaafu ukarani wa mahakama, na ustaafu ulimtoa ofisini lakini haukuitoa mahakama moyoni mwake. Hakuamini kitu. Alipima uimara wa kiti kwa mguu kabla ya kukaa, alinusa sabuni, aliuliza taulo limefuliwa lini na kwa sabuni gani. Alikuwa mteja wa mume wangu tangu kibao hakijawekwa. Nilimnyoa mashavu bila shida, kisha nikamwambia shingo itangoja kesho.

"Kesho mjukuu wangu anaolewa," alisema. "Niende nusu mtu, nusu mbuzi?"

Nikasita. Nikachukua taulo la moto, nikamfunika macho kama mume wangu alivyokuwa akifanya ili povu lisimwingie mtu machoni. Nikaupitisha wembe kwenye mkanda. Nikasimama pembeni yake nikiitazama ile shingo, kikoromeo kimetuna katikati kama goti la mtoto chini ya shuka. Mkono wangu ulikuwa mtulivu.

"Mbona kimya?" alisema kutoka chini ya taulo. "Marehemu akifika hapa ndipo alipozidisha maneno."

"Mimi sizungumzi nikiwa kazini, mzee."

"Mh." Akajiweka sawa kitini. "Kuna jambo nilikuwa najiuliza kuhusu mumeo. Miaka yote. Akifika shingoni, sauti yake ilikuwa inatoka kule." Mkono wake ukachomoza chini ya kitambaa, macho yake bado yamefunikwa, kidole kikaelekea mlangoni bila kukosea. "Na mkono ulikuwa unatoka huku." Kidole kikahamia upande wa ukuta, kwenye kiti cha Kimya. "Nikawa nasema, huyu bwana ana mikono mirefu namna gani?"

Nilidhani ananitania. "Chumba kidogo hiki, mzee. Sauti inazunguka."

"Mama," alisema, "nimekaa mahakamani maisha yangu yote nikiandika nani kasema nini. Sauti haizunguki. Watu ndio wanaozunguka."

Nikaukunja wembe. Nilimwambia aje kesho asubuhi na mapema, kabla ya harusi, atanyolewa. Alijifuta, akavaa koti, akatoka na mbuzi wake shingoni.

Nikaketi kwenye kiti cha mume wangu. Kutoka pale niliweza kuona kila kitu: mlango, na nje yake benchi la wanaosubiri, limeupa mlango mgongo; pazia zito nililolishona kwa mikono yangu, nikalifua na kulipiga pasi kila alipotaka; viti viwili vilivyowekwa karibu mno, kiasi kwamba mtu angeweza kutoka kimoja kwenda kingine kwa hatua moja bila kiatu kulia. Nikaufikiria wembe ule butu. Nilikuwa nimeishi ndani ya duka hili muda wote huo, na nililokuwa nimelijua ni harufu yake tu.

Kimya alirudi alasiri, shavu limevimba, pamba mdomoni. Nikafunga mlango.

"Shemeji," nilisema, "mume wangu aliacha lini kunyoa shingo?"

Angeweza kusingizia jino. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja.

"Nani kakwambia?"

"Pazia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei akaikuta ndiyo aliyoitarajia. Akatoa pamba, akaangalia damu yake, akairudisha.

"Zamani," alisema. "Kabla ya kibao. Alimkata mtu hapa." Akagusa chini ya kikoromeo. "Kidogo tu, kama kucha. Mteja mwenyewe alicheka. Tukampaka shabu, na ndevu zilipoota tena akarudi. Mteja alirudi, shemeji. Yeye hakurudi."

"Hakurudi wapi?"

"Shingoni. Kila akifika pale mkono unatetemeka. Mashavu, hamna shida. Shingo, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akaniambia, ndugu yangu, nisaidie leo tu, mimi niongee, wewe umalizie, mteja amefunikwa macho hataona. Leo tu." Akatazama viganja vyake. "Hiyo leo imekwisha juzi, alipokufa."

Nje mtu aligonga mlango, akasubiri, akaenda zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha."

"Na alipokufa?"

Hapo alinyamaza kimya chake halisi, kile kirefu. Nilikisubiri.

"Ningekupa shingo," alisema, "mimi ningebaki na nini? Kibao chake. Sifa zake. Wateja wananipiga bega wananiambia nimeiga mkono wa marehemu. Mkono wangu mwenyewe, shemeji, naambiwa nimeuiga." Akataka kucheka, jino likamkumbusha, akashika shavu. "Nikasema, hii shingo moja naweka. Wewe endelea na mashavu, ukichoka utaniachia duka. Nilifikiri hivyo. Sitakudanganya."

Kwa hiyo wifi hakuwa mbali sana, na mimi sijutii kumshuku. Mtu aliyefichwa kitu akahisi kwamba amefichwa, macho yake ni mazima.

Nilichokuwa sijakitarajia ni kwamba shaka haikuondoka. Ilihama tu nyumba. Jioni mume wangu alipokuwa akirudi, alikuwa anakaa kwenye kiti cha jikoni na kuninyooshea mikono, nami nilikuwa naikanda kwa mafuta, kidole kimoja kimoja, kwa sababu mikono inayosifiwa hivyo lazima iwe inachoka. Aliniachia niikande. Aliongea huku nikiikanda. Sasa nilijiuliza alikuwa akifikiria nini, akiniangalia nimeinama juu ya mikono ile. Nikaanza kuyapima yote aliyowahi kuniambia, hata mazuri, hasa mazuri. Kumshuku aliye hai ni kazi nyepesi: unamtazama tu. Marehemu utamtazama wapi? Sasa nina mvi, nimenyoa shingo nyingi kuliko alizowahi kuziona yeye, na bado kuna siku nikisuuza brashi swali linanijia: na lile jambo jingine, je, lilikuwa kweli? Huwa sijibu. Huwa naendelea kusuuza.

Asubuhi ya harusi ya mjukuu wa Karani nilimkuta Kimya amefika kabla yangu, kama kawaida yake. Amelala kwenye kiti cha mume wangu, kitambaa kifuani, povu amejipaka mwenyewe mpaka kwenye mfupa wa kifua.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Anza."

Shingo si shavu refu, kama nilivyodhani. Ni nchi nyingine. Chini ya taya nywele zimelala kuelekea chini. Pembeni zinakimbilia sikio. Chini ya kikoromeo zinapanda juu, zimevurugika kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Macho hayasaidii. Unatuma vidole vya mkono wa kushoto kwanza, unazisoma kavu kabla ya povu, na wembe unafuata vilichokuambia. Kikoromeo hukipandi. Unaivuta ngozi kando mpaka ikae mahali tambarare, unanyoa, unairudisha. Alinifundisha kwa kunong'ona, midomo ikisogea kidogo sana. Chini ya kidole changu cha kati mshipa wake ulikuwa unapiga, taratibu, bila haraka yoyote.

"Nilikuwa nakuona na ile chai," alisema nilipouinua wembe niufute.

Nikasimama. "Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nilidhani sukari ndogo."

Nilicheka mpaka ikabidi niuweke wembe mezani. Yeye hakucheka, kwa ajili ya jino, lakini tumbo lilikuwa likitikisika chini ya kitambaa. Kisha nikauchukua tena, nikamaliza. Alijipapasa shingo nzima, kutoka sikio hadi sikio, akarudia sehemu moja karibu na kola.

"Hapa umeacha," alisema. "Lakini hapa hata mimi huwa naacha."

Karani alipokuja, tayari na suti yake, hakuuliza nani atamnyoa. Alikipima kiti kwa mguu, akalala. Nikamfunika macho. Kimya aliinuka kwenda nyuma ya pazia kuangalia maji, nikamwambia maji hayana neno, abaki. Akabaki, amesimama mlangoni asijue aweke wapi mikono. Mashavu yakaisha. Nikazisoma nywele za shingo. Nikauweka wembe chini ya taya, na kwa mara ya kwanza nikahisi mkono wangu ukianza, mbali sana ndani yake, kutikisika.

Sijui kama Kimya aliuona. Nadhani aliujua kabla yangu; alikuwa ameuona kwa mtu mwingine.

"Jino," alisema kwa sauti, kutoka mlangoni.



"Jino langu," aliendelea, "lilikuwa na mizizi mitatu. Daktari alivuta. Halikutoka. Akamwita mwenzake. Akavuta na yeye." Akatafuta maneno mengine kama mtu anayepapasa mifukoni. "Wakavuta wote."

Ilikuwa hadithi mbovu kuliko zote nilizowahi kuzisikia chumbani mle, na aliisimulia kwa jasho. Wembe wangu ulishuka, nikaisikia sauti ile ya karatasi laini. Daktari wa pili akapanda juu ya kigoda. Nikaivuta ngozi kando. Jino likavunjika. Nikamaliza upande wa kushoto.

"Kumbe una mdomo?" alisema Karani chini ya taulo.

"Leo tu," alisema Kimya.

Nilipolitoa taulo, mzee alikaa wima, akajipapasa shingo polepole kama anayesoma hati kabla ya kutia sahihi. Alimtazama Kimya mlangoni. Alinitazama mimi. Akalikunja taulo, akaniwekea mkononi, akaenda harusini. Kibao hatukukishusha. Mkono Mwepesi halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina la mkono, na mkono ulikuwa bado upo.

Wifi yangu alikuja dukani mvua zilipoisha. Hakuwa ameingia humo tangu msiba. Alikuwa amesikia kwamba sasa nanyoa shingo, na alitaka kuona kwa macho yake. Hapakuwa na wateja. Aliketi kwenye kiti cha kaka yake, akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti ambapo rangi ilikuwa imechubuka.

"Nionyeshe alivyokuwa anashika," alisema.

"Anashika nini?"

"Wembe, wifi. Akifika shingoni. Nimesikia habari za mkono huo maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona."

Nilitazama nje. Kimya alikuwa kibarazani akianua taulo kwenye kamba. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wangu, yamejipanga, na wifi alikuwa ananitazama na uso ule ule wa siku ya mashati.

Nikaufungua wembe. Nikaushika kwa ncha za vidole, mkia wake juu ya kidole cha mwisho, kifundo kimelegea, nikauteremsha hewani mbele ya kioo, kutoka taya kwenda chini, nikiikwepa shingo isiyokuwepo. Kioo kilinionyesha mkono wa Kimya mwishoni mwa mkono wangu.

Macho ya wifi yalijaa. "Hivyo hivyo," alisema. "Hivyo hivyo kabisa."

Kimya alikuwa ameingia, taulo zimejaa mikononi mpaka kidevuni. Alikuwa amesikia. Alimtazama wifi, akautazama mkono wangu ulioning'inia hewani, na mimi nikangoja. Kama angesema, nisingemlaumu.

Akaziweka taulo kwenye kiti chake.

"Kiwiko, shemeji," alisema. "Kinyanyue kidogo."

Nikakinyanyua.